Sifuri ya Mzee Feruzi

Nchi ninayotaka kuwasimulia haipo, na nawaomba sana wale wanaoishi ndani yake wasinikasirikie. Inaitwa Adabuni. Ni nchi ya watu wenye staha kupita kiasi, hata mwizi wa huko hubisha hodi kwanza, na mwenye nyumba humkaribisha. Mtu wa Adabuni ukimuuliza hujambo, atakujibu sijambo, hata kama kaangukiwa na ukuta na unaiona miguu yake tu imechomoza. "Sijambo sana, ndugu yangu. Ila kuna kaukuta hapa kamenielemea kidogo." Shida za mtu huja baadaye, zikipata nafasi.

Sheria za nchi hiyo ni nyingi na karibu zote zimesahaulika, isipokuwa moja ambayo hata mtoto wa chekechea anaijua: mgeni rasmi akishasimama kuhutubia, hakuna kutoka ukumbini mpaka akae. Uwe mjamzito, uwe mgonjwa, uwe umeletewa habari kwamba nyumba yako inaungua, utakaa. Kutoka mgeni rasmi akiongea ni kama kumwambia kwamba anayosema hayana maana, na hilo, ingawa kila mtu alilijua, halikuwa jambo la kusemwa.

Basi katika mji wa Mgombani alikuwepo fundi baiskeli mmoja, Mzee Feruzi Kitwana, umri wake miaka sitini na minane, mkali kama pilipili kichaa lakini kwa sauti ya chini. Tezi dume yake ilivimba mpaka ikaziba njia ya mkojo. Wakamwekea mpira: kajibomba kalaini kanakoingia hadi kwenye kibofu, na huku nje kanamwaga mkojo kwenye mfuko uliofungwa pajani. "Wa muda tu, mzee," akaambiwa, "mpaka zamu yako ya upasuaji ifike." Hospitali Kuu ya Taifa ndiyo pekee iliyokuwa na ruhusa ya kupasua, na foleni yake ilikuwa ya miaka minne. Mzee Feruzi akakaa na mpira ule miezi kumi na minne.

Miezi kumi na minne, jamani! Fundi baiskeli asiyeweza kupanda baiskeli! Akimaliza kutengeneza ya mtu, humwambia mwenyewe aijaribu, naye hubaki na spana mkononi akiitazama inavyoteremka mtaani. Alichokitaka duniani kilikuwa kidogo: apande baiskeli yake nyeusi mpaka darajani, na njiani akibanwa ashuke, asimame kando ya kichaka, akojoe, apande tena aende zake. Hayo tu. Hakuomba ubunge.

*

Ndipo akaja Daktari Sikudhani Mbegu, bingwa wa magonjwa ya njia ya mkojo, mwanamke mfupi wa maneno machache, na akaja na utafiti. Alitaka kuthibitisha kwamba upasuaji ule unaweza kufanyika pale pale hospitali ya wilaya: mgonjwa alale siku mbili, arudi kwake, muuguzi amfuate nyumbani kumwangalia. Watu sitini wenye mpira wagawanywe kwa kura. Kundi la Kwanza wapasuliwe mwezi huo huo. Kundi la Pili wasubiri miezi sita, kisha nao wapasuliwe. Hali zao zilinganishwe, na Wizara ya Afya ikiona tofauti, ifungue huduma hiyo katika kila wilaya.

Kupiga kura peke yake kulichukua siku tatu. Bahasha zilikuwa kapuni, lakini kila mzee aliyeitwa alisema, "Atangulie mwenzangu." Mwenzake akasema, "Haiwezekani kabisa, wewe ni mkubwa kwangu." Siku ya tatu daktari akalipindua kapu mezani, akajifunga kanga machoni, akagawa bahasha mwenyewe. Mzee Feruzi akafungua ya kwake. Kundi la Pili.

"Pole, mzee wangu," daktari akasema. "Ni miezi sita tu. Na katika kundi lenu wewe ndiye wa kwanza, Jumatatu ya kwanza baada ya miezi hiyo. Nimekuandika kwa wino."

"Nashukuru sana, daktari," akajibu Mzee Feruzi, moyoni akilitukana kapu, bahasha, na aliyevumbua kura.

Kila mwezi washiriki walijaza fomu. Maswali mengi yalikuwa mepesi, lakini la mwisho ndilo lililoubeba utafiti wote: Kama ungeambiwa uishi na hali hii ya mkojo maisha yako yote, ungejisikiaje? Majibu yalianzia sifuri, yaani ningefurahi sana, yakaishia sita, yaani afadhali nife.

Mzee Feruzi alilisoma swali lile mara tatu. Mbele yake yuko binti wa watu, msomi, amempa kiti, amempa na kikombe cha uji, anamuuliza anajisikiaje. Sasa mtu aliyelelewa akaleleka atamjibu nini? Akaweka alama kwenye sifuri.

Daktari akaitazama fomu, akamtazama na mwenyewe. "Mzee Feruzi, juzi mpira uliziba, wewe ukapiga kelele mpaka majirani wakaja. Mkeo kanieleza."

"Ni kweli, mwanangu."

"Na hapa umeandika ungefurahi sana kuishi hivi maisha yako yote."

"Sasa niandike nini, na wewe umeniuliza vizuri?"

"Andika ukweli!"

"Ukweli utakuja," mzee akasema kwa upole. "Kwanza tujuliane hali."

Lakini fomu ya utafiti ikishajazwa haifutwi, na maneno ya mdomoni hayahesabiwi. Wenzake ishirini na tisa wa Kundi la Pili nao waliandika sifuri, mmoja baada ya mwingine, wakishukuru kwa uji. Wale wa Kundi la Kwanza, waliokwisha kupasuliwa, walikuwa wakikojoa kama vijana, na kwa kuwa hawakuwa tena na shida ya kuificha, waliona sasa wanaweza kulalamika kidogo bila kumkosea mtu adabu. Mmoja aliandika mbili kwa sababu choo chake hakina mlango.

Bi Kidawa, mkewe Mzee Feruzi, aliposikia habari hiyo alicheka mpaka akakaa chini. "Mzee mzima unaidanganya karatasi! Na karatasi nayo itakukomesha, utaona."

*

Zikiwa zimebaki siku nane Jumatatu ya Mzee Feruzi ifike, Waziri wa Afya akatangaza kuja kuutembelea utafiti. Waziri huyo aliitwa Mheshimiwa Pazi Malundo, naye alikuwa na kawaida ya kuanza kila hotuba kwa neno moja: "Sitawachosha." Wananchi walipolisikia neno hilo walikuwa wakiagana na watoto wao.

Ukumbi wa halmashauri ulipambwa. Chai ikagawiwa, maji ya chupa yakagawiwa, yakagawiwa tena. Wazee thelathini wa Kundi la Pili wakaketishwa mstari wa mbele. Mheshimiwa akasimama, itifaki ikazingatiwa kwa dakika arobaini, akasema hatawachosha, akawahutubia kwa muda wa saa nne na robo.

Ilipopita saa ya pili, Mkuu wa Wilaya alipandisha mguu wa kulia juu ya wa kushoto, kisha wa kushoto juu ya wa kulia, kisha akatamani angekuwa na wa tatu. Mganga Mkuu wa Wilaya alihesabu mbao za dari. Katibu wa Wizara alikuwa amefumba macho, midomo inamcheza, na waliokuwa karibu wanasema alikuwa akiomba dua. Lakini mstari wa mbele, lahaula! Wazee thelathini wametulia tuli, wanakunywa maji yao, wanaitikia kwa vichwa. Mzee Feruzi alipitiwa hata na usingizi.

Mheshimiwa akaona. Katika miaka kumi na tisa ya kuhutubia hakuwahi kusikilizwa na watu wasiojipindapinda. Machozi yakamlengalenga. "Hawa," akasema kwa sauti iliyokatikakatika, "ni nani hawa?"

Katibu akamnong'oneza, akampa na fomu. Mheshimiwa akazisoma mbele ya watu. "Sifuri! Sifuri! Sifuri! Thelathini kwa thelathini, wote wangefurahi sana kuishi hivi maisha yao yote! Na hawa waliopasuliwa?"

"Kuna mwenye mbili, Mheshimiwa."

"Mnaona! Unampasua mtu, unampa na dawa, halafu ananung'unika!"

Daktari Sikudhani akanyoosha mkono. Mshereheshaji akamwambia kwamba maswali ni baada ya hotuba. Baada ya hotuba kulikuwa na ngoma, na baada ya ngoma mgeni rasmi alikuwa na safari. Kwa hiyo mkono wa daktari ulibaki juu mpaka tamko likapita: utafiti umefaulu kuliko ilivyotarajiwa, upasuaji usitishwe mara moja, na mpira utambuliwe kuwa njia ya Adabuni ya kujenga utulivu wa taifa.

Mzee Feruzi akaitwa mbele. Akavishwa nishani ya Mtulivu wa Taifa, akawekewa kipaza sauti mdomoni. "Mzee wetu," Mheshimiwa akauliza kwa upendo mkubwa, "unajisikiaje?"

Miezi ishirini ilimpanda Mzee Feruzi kooni. Aliiona Jumatatu yake inapotea. Aliiona baiskeli nyeusi imeegeshwa ukutani, matairi yamelala. Akafungua kinywa kuyasema yote, na kinywa chenyewe, kwa mazoea ya miaka sitini na minane, kikasema, "Nashukuru sana, Mheshimiwa."

Makofi yalitaka kuezua paa. Nyumbani aliivua nishani, akaitupa kwenye debe la misumari iliyochakaa, akalia mbele ya mkewe bila kuficha. Hakumlilia Waziri, alijililia mwenyewe. "Kidawa, nimejifunga kwa mkono wangu. Nimeulizwa mara saba, mara zote saba nimedanganya."

Bi Kidawa safari hii hakucheka. "Basi ya nane usidanganye," akasema.

*

Waraka ulitoka wiki hiyo hiyo. Kila mtumishi wa umma anayehudhuria hafla za kitaifa avae mpira. Waliotaka kutolewa mpira walikuwa wamekaa kwenye foleni miaka minne, wasiouhitaji wakawekewa kwa siku mbili. Maofisa walitoka chumba cha matibabu wakitembea kwa hadhari, miguu imepanuka, na kila aliyeulizwa alisema hajambo kabisa.

Hotuba nazo zikarefuka. Msikilizaji hakuwa tena na sababu ya kuhangaika, lakini msemaji bado alikuwa na kibofu chake cha kuzaliwa nacho, na hicho, kumbe, ndicho kitu pekee kilichowahi kufupisha hotuba katika historia ya Adabuni. Mheshimiwa Malundo alipoligundua hilo alikasirika sana. Yaani taifa zima linakatishwa maneno na kifuko cha ukubwa wa embe! Naye akaagiza mpira.

Na kwa kuwa hakutaka kuficha kitu chema, mfuko wake aliufunga juu ya suruali, nje, ili wananchi wauone. Mshonaji wa wizara akaushonea kifuniko cha mahameli chenye rangi za bendera, akakikaza pajani kwa utepe mpana wa hariri, mafundo matatu. Utepe ule ulipendeza sana. Ila ulipita juu ya mpira wenyewe, ukaubana sawasawa na vile Mzee Feruzi alivyokuwa akibana mirija ya matairi akitafuta pancha.

Siku ya Utulivu, sikukuu mpya ya taifa, ikafika, ukumbi ule ule. Nje lilisimama Jengo la Utulivu likisubiri kufunguliwa, na Ofisa Itifaki alikaa kando ya jukwaa na sinia, juu ya sinia mto, juu ya mto mkasi wa dhahabu wa kukatia utepe. Mzee Feruzi alikuwa mstari wa mbele na nishani yake, Bi Kidawa alikuwa ameitoa debeni akaifuta kutu. Daktari Sikudhani alikuwa mstari wa pili na bunda la fomu mapajani, maana mwezi ule ulikuwa wa mwisho wa utafiti na kujaza ilikuwa lazima.

"Sitawachosha," akasema Mheshimiwa.

Saa ya kwanza aliongea kwa madaha. Saa ya pili akaanza kunyanyua kisigino cha kushoto. Saa ya tatu jasho likamtoka juu ya mdomo, na katikati ya neno "maendeleo" akanyamaza, akashika meza, akamalizia "...leo" kwa sauti ya mtoto.

Mkuu wa Wilaya akainama. "Mheshimiwa, hujambo?"

"Sijambo," akasema Mheshimiwa, uso umekuwa rangi ya majivu.

"Mheshimiwa, unaendeleaje?" akauliza Mganga Mkuu.

"Vizuri sana. Nashukuru."

Wakaridhika. Wamuulize nini tena, na mwenyewe kashajibu? Ukumbi mzima wa watu wenye mpira walimtazama mwenzao akiumia, na hakuna aliyeonekana kuona. Mzee Feruzi ndiye aliyeona. Kile kisigino alikijua. Jasho lile alilijua. Alijua kinachofuata, maana siku mpira wake ulipoziba yeye aliuma mpini wa nyundo na bado kelele zikamtoka. Alimchukia Mheshimiwa yule kwa miezi yake yote, wallahi alimchukia, lakini maumivu yale hakumtakia hata nyoka.

Akasimama.

Ukumbi ukavuta pumzi kwa pamoja, watu mia nne. Mshereheshaji akadondosha ratiba. Mzee Feruzi akamwendea Ofisa Itifaki, akachukua mkasi juu ya mto, akasema ahsante, akapanda jukwaani. Walinzi walitazamana. Walikuwa wamefundishwa kuzuia bunduki na mabango, lakini mzee mwenye nishani anayekwenda na mkasi rasmi kukata utepe hakuwemo kwenye mafunzo.

Akapiga goti mbele ya paja la Waziri, na kwa mkasi wa dhahabu wa Jamhuri ya Adabuni akakata utepe.

Mafundo matatu yakaachia. Mpira ukafunguka. Mfuko wa mahameli ukaanza kujaa taratibu, na kadiri ulivyojaa ndivyo roho ya Mheshimiwa ilivyomrudi. Akaegemea meza, machozi yanamtiririka, kipaza sauti kiko pale pale wazi mbele ya mdomo wake.

"Mheshimiwa," Mzee Feruzi akasema, bado amepiga goti, "nina swali moja. Kama ungeambiwa uishi na hali hii ya mkojo maisha yako yote, ungejisikiaje?"

Na Mheshimiwa Pazi Malundo, kwa kuwa alikuwa bado hajapata muda wa kukumbuka yeye ni nani, akasema, "Afadhali nife."

Vipaza sauti kumi na viwili vikalitangaza jibu hilo ukumbini, nje ya ukumbi, na kwenye Jengo la Utulivu. Daktari Sikudhani, mwanamke wa maneno machache, akasimama. "Itifaki!" akaita. "Mgeni rasmi amejibu sita. Naomba tuzijaze fomu."

Hapo sasa pakawa pagumu, kisha pakawa pepesi kabisa. Adabuni hakuna anayempinga mgeni rasmi. Kuandika sifuri baada ya yeye kusema sita kungekuwa utovu wa nidhamu usio na mfano. Wazee thelathini wakaandika sita. Mkuu wa Wilaya, ambaye hata hakuwa mshiriki, aliomba fomu naye akaandika sita. Mzee Feruzi alipofika kwenye swali la mwisho aliikandamiza kalamu mpaka ikatoboa karatasi na kuchora meza.

*

Ripoti ya Wizara ilieleza kwamba Mheshimiwa Waziri, kwa maono yake, alijitolea mwili wake kwa utafiti na kugundua kwamba wagonjwa wa tezi dume wanapaswa kupasuliwa mapema, karibu na nyumbani. Jina la Daktari Sikudhani lilitajwa katika ukurasa wa shukrani, kati ya mpishi na dereva. Yeye alisema haidhuru, ilimradi chumba cha upasuaji kimefunguliwa. Waraka nao ulifutwa, maofisa wakachomolewa mipira yao.

Mzee Feruzi alipasuliwa Jumatatu ya kwanza baada ya hapo. Alilala siku mbili, mpira ukachomolewa, akarudi kwake. Muuguzi alipomfuata nyumbani kumwangalia, alimkuta chini ya baiskeli nyeusi akipaka mnyororo mafuta, na akamgombeza: bado wiki sita, mzee! Akazingoja zote sita akizihesabu ukutani kwa chaki.

Siku ya kuizindua ripoti akaalikwa, mstari wa mbele kama kawaida. Alikwenda kwa baiskeli. Chai ikagawiwa, maji yakagawiwa. Mheshimiwa akasimama, akasema hatawachosha.

Dakika ya ishirini na tano Mzee Feruzi akabanwa. Alikaa kidogo akisikiliza, si hotuba, bali ile hali yenyewe ya kubanwa, kama mtu aliyebishiwa hodi na ndugu aliyepotea. Kisha akasimama akaelekea mlangoni.

"Mzee!" mshereheshaji akanong'ona kwa hofu. "Unakwenda wapi? Mgeni rasmi anaongea!"

"Nakwenda kukojoa," akasema Mzee Feruzi, kwa sauti ya kawaida.

Akatoka, akaikokota baiskeli yake. Nyuma ya ukumbi palikuwa na kichaka. Akaegesha baiskeli, akasimama kwa miguu yake miwili, akafanya alichokuwa akikingoja tangu zamani, na hakuwa na haraka yoyote. Nyuma yake mlango ukalia. Ukalia tena. Viatu vikaja juu ya changarawe, jozi moja, jozi nne, jozi kumi. Alisikia, "Tangulia, Mganga Mkuu," na, "Hapana, tangulia wewe, Katibu," na watu wakichezacheza mahali walipo.

Mkuu wa Wilaya, kwa kuwa alikuwa karibu zaidi na hakutaka kuonekana amekuja kwa shida yake tu, akamsalimu. "Mzee Feruzi, hujambo?"

Mzee Feruzi alifikiri kwanza, akamaliza, akafunga vifungo vyake kimoja kimoja.

"Sijambo," akasema, na ilikuwa kweli.